Bi Kamla Alipokataa Kusema Nafasi Hakuna

Bi Kamla wangu,

Nisha alizungumza Kiswahili siku ya kukuaga. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza. Binti yako huyo, mzaliwa wa London, uliyemwita "njoo ule" miaka yote naye akakujibu kwa Kiingereza, alisimama mbele ya watu akasema: "Mama yangu hapana ogopa mtu." Wengine walicheka, kisha tukalia sote.

Alisema kweli, ila yeye alikuwa hajazaliwa siku ile ya ukumbi wa halmashauri. Mimi nilikuwepo. Tangu uondoke, vijana wa ofisini wananiomba niwasimulie, nami nasimulia kila mara kama jambo la jana.

Nawaambia kwanza ulivyokuwa. Wakili wa Mombasa, uliyesomea sheria hapa hapa, ukarudi kwenu ukafanya kazi, kisha Waasia walipoanza kunyimwa vibali Kenya ukaja tena na mumeo na masanduku. Hakuna ofisi iliyokupokea. Ukapanga chumba juu ya duka la vitambaa la shemeji yako, ukabandika jina lako mlangoni. Nilipopanda ngazi kuomba kazi ya kupiga chapa, mimi msichana wa Kipemba ambaye baba yake alikuwa akibeba mizigo ghalani, mtaa wa Hayes, uliniuliza, "Wewe watoka wapi, mwanangu?" Nikasema Pemba. "Basi keti. Leo nimepata wa kuzungumza naye."

Mwaka haukuisha ukaanza kunisumbua. "Wapiga chapa maneno ya wenzako mpaka lini? Kasome, useme yako." Nikaenda kusoma sheria, nikirudi kwako kila likizo.

Watu wa mtaa wakakuchagua diwani. Mwanamke wa Kiasia ulikuwa peke yako mle ndani. Kisha Uganda ikawafukuza Waasia wake, na halmashauri yetu ikataka kutangaza kwamba nafasi hakuna, wasije kwetu. Mwenyekiti wa chama chako alikuja ofisini, akanywa chai yetu ya tangawizi, mimi nikiwa kwenye mashine yangu. "Hoja hii uitetee wewe, Kamla," akasema. "Ikitoka kinywani mwako hakuna atakayetuita wabaguzi." Akakuahidi kwamba uchaguzi ujao chama kitakusimamisha ubunge. Ulimsikiliza, ukamshukuru, ukamsindikiza hadi ngazini.

Kilichokuuma zaidi ni shemeji yako. Alipanda kutoka dukani akakusihi, "Bhabhi, shemeji yangu, nyamaza tu. Wakija hao, tutakaotukanwa ni sisi tulio hapa." Nilikuona ukizungusha bangili mkononi, unaizungusha tu, chai inapoa.

Siku ya kikao nilikaa kwenye viti vya wananchi. Ulivaa sari ya kijani na koti zito juu yake, maana ukumbi ule ulikuwa baridi kama jokofu. Ulipoanza, sauti ilitetemeka. Niliona haya kwa ajili yako, nikainamisha kichwa. Mara nikakusikia: "Mmeniomba niwaambie watu hawa kwamba nafasi hakuna. Nafasi nilipewa mimi. Sina haki ya kuwa wa mwisho kupewa."

Mtu nyuma yangu akapiga kelele, "Rudi kwenu!" Ulingoja anyamaze. Ukamtazama, hukukasirika. "Hapa ndipo kwetu," ukasema. "Ndiyo maana naona aibu kwa tunalotaka kulifanya leo."

Hapo nikainua kichwa, Bi Kamla. Sijakiinamisha tena kwa ajili yako.

Ulishindwa. Hoja ilipita, chama kikakutupa, ubunge ukaota mbawa na hata udiwani ukaupoteza. Jirani zetu wengine walikuwa wakivuka barabara wasikutane nawe. Lakini zile familia zilikuja vilevile, na wewe ukazifungulia sebule yako. Watoto walilala kwenye zulia, bibi zao kwenye makochi. Aliyeleta mablanketi kutoka dukani ni shemeji yako, uso ameukunja. Ukawapigania nyumba, shule, haki ya kufanya kazi zao walizosomea. Kesi baada ya kesi, mpaka mawakili waliokunyima kazi wakawa wanakupigia simu kuomba ushauri.

Siasa ilikukataa, mahakama ikakuita. Nakumbuka siku yako ya kwanza ya ujaji, karani alivyokuonyesha kiti cha mkalimani, nawe ukamwambia, "Ahsante, lakini mimi leo nakaa pale juu." Ulinisimulia ukicheka mpaka ukakohoa. Nakumbuka pia yule mwenye nyumba wa jamii yenu, aliyemtupia mpangaji wake Mkongo vitu nje. Alipokuona kitini alitabasamu, akadhani yamekwisha. Aliondoka hatabasamu. Mkongo yule alirudi chumbani mwake siku hiyo hiyo.

Sasa nikupe habari. Nimeteuliwa jaji. Mimi, Zuhura, niliyekuwa nikikosea hata kuandika jina la mahakama! Habari ilinifikia wiki chache baada ya wewe kuondoka, na kabla sijafikiri nilikuwa nimenyanyua simu na kupiga nambari yako. Ikaita. Nisha akapokea. Nikamwambia nilitaka kukupa habari wewe, naye akasema taratibu, "Niambie mimi basi, Auntie." Nikamwambia. Alipiga kelele ya furaha ambayo ingekuwa yako.

Jumatatu naapishwa. Nisha atakaa mstari wa mbele. Natamani... basi, unajua ninachotamani.

Nenda kwa amani, mwalimu wangu. Uliishi umesimama, na wengi tulijifunza kusimama kwa kukutazama tu. Nami nakuahidi hili: hakuna atakayeingia mbele yangu, awe na koti la namna gani na lafudhi ya wapi, akakuta nimekwisha kuamua kabla hajafungua kinywa. Na siku haki itakaponitaka niwaudhi watu wangu, nitawaudhi, kisha jioni nitawapelekea salamu zangu na kulala usingizi wangu.

Mwanafunzi wako daima,
Zuhura