Mafuta kwenye Pembetatu

Jumatano, 10 Julai

Nane nukta moja. Nimeangalia tena asubuhi, eti labda namba imejirekebisha yenyewe usiku. Wapi!

Hisabati kumi na nane. Fizikia kumi na saba na nusu. Mchoro wa mkono huru kumi na sita. Halafu mchoro wa mistari, ule wa rula na pembetatu ya plastiki: nane nukta moja kati ya ishirini. Usanifu Majengo, ninaoutaka mimi, wanataka tisa na kidogo kwenye mchoro huo. Nimefungua fomu ya kuchagua vyuo kwenye kompyuta, Usanifu haumo hata kwenye orodha yangu. Uhandisi wa Ujenzi, chuo cha mjini Thesaloniki, upo, na alama zangu zinatosha na kubaki. Fomu inafungwa Alhamisi ijayo, saa nane mchana.

Ama nitume hii, ama nirudie mtihani mwakani. Na ukirudia, unarudia yote. Kumi na nane yangu ya Hisabati inatupwa!

Nimemwambia Baba naweza kuingia Uhandisi na huku nijiandae kurudia. Alikuwa ametoka shambani anajikuna shingo, manyoya ya mapichi yamemjaa. Akasema mshika mbili moja humponyoka, nichague moja niishike. Akaingia kuoga.

Alhamisi, 11 Julai

Hili sijamwambia mtu, naliandika hapa.

Asubuhi ya mtihani wa mistari Bibi Sultana alichukua vifaa vyangu. Kalamu zilikuwa zimeshabarikiwa na padri pamoja na za wenzangu wote, kama kila mwaka. Bibi akaona hazitoshi. Akachovya pamba kwenye taa ya mafuta inayowaka mbele ya picha ya Bikira Maria pale jikoni, akaipaka pembetatu mafuta pande zote mbili. Mimi nilikuwa navaa viatu. Nikaja kugundua nimeshakaa kwenye kiti cha mtihani.

Iliteleza. Niliifuta kwa sketi, ikateleza. Mstari mmoja ukavuta uchafu mpaka katikati ya karatasi. Nusu saa nzima nafuta tu!

Kwa hiyo si mimi. Ni mafuta. Mwakani na pembetatu safi napita. Hesabu rahisi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefanya jambo baya.

Tulikuwa mezani, pai ya jibini, mapichi yaliyopondeka yasiyouzika. Mama anasema Uhandisi si aibu, binti wa jirani analia angalau angepata huo. Bibi akadakia: wasahihishaji hawana macho, mjukuu wake hawezi kupata nane, alimkabidhi kwa Bikira mwenyewe.

Nikapasuka. "Ni mafuta yako, Bibi! Pembetatu ilikuwa inateleza kama samaki! Nani alikutuma?"

Mama akasema, "Rodanthi!" Baba akaweka uma chini.

Bibi alifuta mikono kwenye aproni, akaniuliza taratibu, "Pande zote mbili ziliteleza?" Nikasema zote mbili. Akaenda chumbani kwake.

Jumamosi, 13 Julai

Taa ya jikoni haijawashwa. Nina miaka kumi na minane, sijawahi kuiona imezimwa. Mama ananitazama kama mimi ndiye niliyeipuliza.

Nimejaribu kumwomba Bibi msamaha. Akasema hakuna cha msamaha, mwenye kosa ni yeye, nisogee anafagia.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda kwa mwalimu Themis, aliyenifundisha kuchora miaka miwili. Nikamweleza habari ya mafuta, nikangoja anionee huruma. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatoa swali lilelile la mtihani, karatasi mpya, pembetatu yake mwenyewe.

"Haya, bibie. Mafuta hakuna, saa ni zilezile. Chora."

Nikachora. Mistari safi, myembamba, hakuna doa. Nilijiona nimeshafika Usanifu. Nikampa.

Hakuitazama hata dakika. Akaweka kidole kwenye ngazi, pale nyumba inapokatwa ionekane ndani. Nimeigeuza. Inapanda kwenda upande usio wake. Na kwa kuwa ngazi imegeuka, ghorofa nzima ya juu imekaa vibaya. Nikajitetea, leo ni haraka tu. Akauliza siku ya mtihani niliichora vipi.

Nikakumbuka. Vilevile. Niliichora vilevile, kabla hata ya mstari ule wa uchafu.

"Mafuta yanachafua karatasi," akasema. "Ngazi hayaigeuzi. Hapo una nane, mwanangu. Labda nane na nusu, kwa usafi."

Nikamuuliza nikirudia nitapita? Akasema wapo wanaoanza kuona kitu kilivyo ndani wakiwa na miaka kumi na tisa, na wapo wasioona kamwe, na yeye hajui mimi ni yupi. Ningependa angenidanganya.

Jumanne, 16 Julai

Sijamwambia mtu. Kila mtu nyumbani anaamini ni mafuta. Ni raha mbaya hii. Natembea kama mtu aliyeonewa, naongezewa pai.

Taa bado.

Jumatano, 17 Julai

Uhandisi nimeuweka namba moja kwenye fomu, nimehifadhi, sijatuma. Nimeuondoa. Nimeurudisha.

Baba ananiambia yeye hasemi neno, uamuzi ni wangu. Kisha akasema maneno nusu saa. Jumla yake: wanaotazama nyumba kutoka nje wapo wengi, ila mtu lazima azisimamishe. Na nikitaka mwaka mmoja zaidi, chumba changu kipo, sitafukuzwa. Karibu nilie.

Alhamisi, 18 Julai

Saa tano asubuhi nimetoka kwenda uani. Bibi ameanika vifaa vyangu vyote juu ya taulo, juani: rula, bikari, pembetatu mbili, hata vifutio. Ameviosha kwa sabuni ya vyombo, mara tatu, kasema. Vidole vimekunjamana kwa maji. Akanyanyua pembetatu, akaipitishia kidole, ikalia kwii!

"Unasikia? Haitelezi tena. Rudia mwakani, mjukuu wangu. Sitavigusa. Siku ya mtihani nitakwenda kukaa kwa dada yangu, usinione hata sura."

Nilisimama pale na uso wangu wa kuonewa. Nikaona aibu mpaka masikioni. Kumbe ningeweza kurudia mwaka mzima kwa sababu ya uongo huu, na yeye angeubeba!

Nikapanda juu, nikaleta mchoro wa Jumatatu. Nikamwambia huu hauna mafuta, nimechora kwa pembetatu ya mwalimu, na kosa ni lilelile. Bibi hajui kusoma vizuri. Aliushika mbali na macho, akauinamisha, akauinua.

"Hii ni ngazi?"

"Ngazi."

"Mbona inapanda kuingia ukutani? Mtu si atajigonga kichwa!"

Ameiona. Bibi yangu aliyesoma madarasa mawili ameiona mara moja! Nikaanza kucheka, yeye akacheka, halafu akakaa kwenye kiti cha uani, akalia, akafuta macho kwa taulo la vifaa vyangu. Kisha akamwita Mama alete kiberiti. Taa inawaka sasa, naisikia harufu mpaka huku.

Saa nane kasoro dakika kumi na moja. Fomu iko wazi mbele yangu, bado sijatuma. Bibi yuko mlangoni, mchoro bado mkononi, anaugeuza huku na huku.

"Haya, kosa si la mafuta yangu," anasema. "Sasa niambie kweli. Mwakani ngazi utaiona?"