Ndulele Yuko Ng'ambo ya Katuma

Jumapili jioni, Ilembo. Februari 1998.

Mvua haijakatika tangu watu watoke kanisani, na inapiga bati kiasi kwamba redio haisikiki. Cherehani nimeifunika nailoni. Nina huzuni ambayo sikuamka nayo. Nimeipata mchana huu, kwenye baraza yangu mwenyewe, nikiwa na wageni wawili na katoni ya sabuni.

Ngoja nianze na katoni.

Adela, anayeongoza kwaya ya akina mama kule Kakese, aliniomba nimtengenezee boksi la mchezo wa safari. Waimbaji wake wakimaliza mazoezi hukaa kusubiri mvua ipite, na amechoka kuwasikia wakisengenyana. Alishanisikia nikiusimulia mchezo huu niliokua nao mimi na rafiki yangu Spesi na wenzetu, kule upande wa Litapunga. Hauna ubao. Mmoja anakuwa msimulizi, anaeleza mahali mlipo na mnachokiona. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anasema mtu wake anafanya nini. Pasipojulikana kama atafanikiwa, dadu inaamua. Ukiueleza hivyo unaonekana mchezo wa watoto, lakini sisi ulitumalizia Jumapili zote za usichana wetu.

Boksi letu la kwanza tuliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea aliyetufundisha hesabu. Lilikuwa zuri mno na halikufaa kitu. Lilikuwa na vitabu vya Kiingereza vinene kama Biblia ya baba, ramani ya mapango ambayo hatukuelewa mtu anaingia humo kutafuta nini, na dadu za rangi zenye pande nyingi. Dadu moja ilimezwa na bata wa mama yake Spesi. Tulimfuata yule bata siku nzima na hakuturudishia. Nyingine zikapotea moja moja. Ndipo Spesi akaja na punje nne za mahindi zilizopakwa mkaa upande mmoja. Unazitikisa kwenye kikombe, unarusha. Zikilala nyeusi mbili au zaidi, imekubali. Chini ya hapo imekataa. Dumuzi wakizitoboa, unachukua nyingine ghalani.

Kwa hiyo wiki hii nilipoanza kupanga boksi la Adela, nilijua nisichokitaka. Sikutaka kitabu. Nimeandika karatasi moja tu, na juu yake nimeandika kwamba isomwe kwa sauti, maana watu wanaoanza kila mmoja anamsubiri mwenzake asome. Nimeweka punje na kikombe cha plastiki. Nimechora safari moja fupi, kutoka stesheni ya treni hadi Mto Katuma, kwa sababu anayeanza ukimpa dunia nzima anakaa tu anaiangalia. Na nimeandika kanuni ya matanga.

Hiyo haimo kwenye boksi la Mzungu. Kitabu chake kilisema mtu wako akifa, buni mwingine muendelee. Sisi hatukuweza. Siku mwindaji wangu alipouawa na kiboko, Spesi aliweka kikombe chini na hakuna aliyetaka kucheza tena. Jumapili iliyofuata tulikaa matanga kabisa, kila mmoja akaeleza alivyomfahamu marehemu. Mama yake Spesi alituletea viazi akidhani tumefiwa kweli, na alipoambiwa ni mchezo alitukaripia, lakini viazi akatuachia. Tulipoanua matanga ndipo nikaruhusiwa kuja na mtu mpya. Tangu hapo hatukuwahi kucheza vinginevyo.

Jambo jingine nililo na hakika nalo ni kwamba boksi la wanaoanza liwe na watu walio tayari. Mwambie mtu mzima abuni mtu papo hapo, ataona haya na ataishia kujitaja mwenyewe. Nimeweka vipande vinne vya mti, kila kimoja na jina lake na karatasi yake. Kuna mwindaji, kuna mfua chuma, kuna mpiga ngoma.

Cha nne ni Ndulele.

Ndulele ni mganga, na ni wa Spesi. Alimchonga mwenyewe kwa kipande cha mninga, akampa mkoba uliojaa ndulele, yale matunda machungu ya porini, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mchezo wetu ulianza kwa msimulizi kuita majina. Ukiitwa jina la mtu wako unaitika "Abee", na tangu hapo wewe ndiye huyo hadi mwisho. Spesi aliitika kwa kuvuta, kama mtu aliyeitwa akiwa na chungu motoni.

Mara ya mwisho kucheza naye tulifika Katuma. Ndulele alivuka wa kwanza kuangalia kama ng'ambo ni salama, halafu jua likazama tukaahirisha. Ulikuwa mwaka ule ambao wengi kwenye makazi yetu ya wakimbizi waliamua kurudi Burundi, na wazazi wake Spesi wakawa miongoni mwao. Wiki hiyo hiyo waliondoka. Alisema tutaumalizia mchezo akija kutusalimia. Kabla ya Krismasi vita vilikuwa vimeanza huko, na mpaka leo hakuna aliyeniletea habari yake. Wapo waliowaombea ndugu zao misa ya marehemu. Mimi sijafanya hivyo, na matanga ya Ndulele hatukukaa, maana hakufa, alivuka tu.

Wiki nzima nimekuwa nikimtia katika boksi na kumtoa.

Leo Adela alikuja kulijaribu boksi. Kabula naye alikuwa amefuata gauni lake, nikamshika na yeye akae. Kabula ni bibi harusi wa Kisukuma, familia ya mume wake imehamia Kakese na ng'ombe zao kutoka Shinyanga, na bado ana ule upole wa mtu anayekaa kwa watu. Adela alichukua mpiga ngoma, akauliza swali ambalo wote huuliza.

"Sasa hapa nani anashinda?"

Nikamwambia hakuna. Akaguna, akasema basi tumekusanyika kufanya nini. Lakini tulipofika porini na tembo wakasikika, yeye ndiye aliyekuwa akinong'ona.

Kabula alivitazama vile vipande, akanyoosha mkono kwa Ndulele. Nilimnyang'anya kabla hajamwinua. Niliona aibu palepale. Nikasema huyo ana mwenyewe, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wananitazama, nikawaeleza habari ya Spesi yote, mpaka bata. Kabula alirudisha mkono. Alichukua mwindaji.

Walipofika mtoni niliwaambia maji yamejaa, hakuna pa kuvukia. Kila nikisimulia safari hii maji huwa yamejaa, na leo ndiyo nimelitambua hilo.

Kabula akauliza, "Huyo mganga wenu si yuko upande ule?"

Nikasema ndiyo.

"Dada, nyie mlimwachaje mtu ng'ambo bila hata kumwita?"

Adela akamkumbusha kwamba maji ni mengi. Kabula akasema sauti haihitaji mtumbwi. Akaweka mikono mdomoni, yeye ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akamwita Ndulele kwa jinsi wanavyoitana machungani, mpaka wapita njia waliojikinga mvua kwa jirani wakageuka.

Kisha wakanitazama mimi. Hapakujulikana kama angesikia, na pasipojulikana, punje zinaamua. Adela akanisogezea kikombe.

Sikurusha.

Nilisema mvua inazidi, njia ya Kakese itaharibika, bora wawahi. Adela alikubali haraka, nadhani alinionea huruma. Kabula alikunja gauni lake polepole. Ana dada zake Shinyanga ambao hajawaona tangu ahamie huku. Akiwa mlangoni akasema, "Mimi ningekuwa huko, ningependa niitwe."

Wameondoka, na tangu hapo nimekaa na katoni mapajani. Ninamkumbuka Spesi akitikisa kikombe karibu na sikio kana kwamba punje zinamnong'oneza. Nimejaribu kuitika kama yeye, ile "Abee" ya kuvuta, kwa sababu punje zikikubali msimulizi ndiye atakayeitika kwa niaba ya Ndulele. Imetoka sauti yangu.

Lakini boksi nimelimaliza. Ndulele yumo ndani. Kwenye karatasi yake nimefuta maelezo ya jinsi ya kumchezesha, nikaandika kwamba huyu hachezwi, huyu anaitwa. Mkifika mtoni, mmoja wenu amwite, kisha arushe punje. Zikikataa, mwiteni tena safari nyingine. Sijaweka mwisho wa kumwita.

Keshokutwa Adela atalipitia boksi. Nimeandika kwamba Kabula aalikwe kucheza nao, na kikombe cha hapo mtoni akishike yeye, kisirudishwe kwangu. Nitakwenda Kakese Jumapili ijayo kusikiliza, na sijui kama nitaweza kukaa hadi punje zitue.

Spesi, ukisikia mtu usiyemjua, mwenye lafudhi ya Kisukuma, anakuita kwa jina lile, itika.