Kaye ya Florent na maji ya mu pipa

Kamina, 28 ya mwezi wa munane, 1958

Dada Mujinga,

Ile barua ya juzi niliikatia mu njia juu sufuria ya bukari ilianza kuungua. Lelo namalizia. Kwanza jambo yako, na ya shemeji Albert. Mugulu yako inaendelea namna gani? Siye tuko bazima, kikohozi ya vumbi tu.

Nilikuwa nakuambia juu ya mutoto yako Florent, vile iko anapumzika hapa kwangu. Dada, nilianza kumuzania mubaya. Mutoto wa université! Asubui anatoboa ka-tundu chini ya pipa yangu ya maji, anasimamisha fito ndani, anaangalia saa, anaandika mu kaye. Maji ikiisha, anajaza tena! Mama Sauda, muchuuzi wa chumvi, alisema labda bazungu banamutuma apime maji yetu juu ya kodi. Miye nilisema balimufukuza ku masomo, anatuficha.

Nikamuuliza. Alicheka, eti hapana, mama mudogo. Mwaka wa kwanza alipita calcul na points mingi, lakini alikuwa anajibu sawa batoto ba katekisimu, kinywa tu. Mwaka huu, mu kozi ya mashini, professeur alimuuliza ile hesabu inasema nini. Akarudilia tu maneno ya kitabu. Septembre anarudilia examen, akianguka, bourse, feza yake ya masomo, inakatika. Sasa anatafuta maji inashuka mbio gani, si mu saa muzima, hapana, pale pale anatia jicho.

Nikamucheka! Nikamwambia juu ya munkoyo yangu, ile pombe ya mizizi mu pipa yenye robinet ya kufungulia: pipa ikijaa, inaruka, ikipungua, inalegea, inalegea tena, hata mara moja haitembee sawa. Nani hajue? Florent akanikumbatia, eti njo ile! Mbio inafwata maji yenye kubakia, njo calcul yenyewe!

Sasa sikia, usiambie muntu. Kaye yake ilipotea siku ine. Miye njo niliiba. Niliona alama sawa nyoka zenye kusimama, nikamupelekea katekista Malachie. Aliishika na vidole mbili, akasema iko Kilatini ao ya shetani, hajue. Nikaogopa, nikaificha mu kitunga ya bunga ya bukari. Masikini Florent alitafuta, akachoka, akaandika ingine yote, bila kuangalia fasi. Anasema sasa iko mu kichwa, haitatoka. Train yake ni lelo saa kumi. Nataka nitie ile ya zamani mu valise, asione.

Salamu ku batoto, ku Mama Mwanza, ku bote, na kama samaki ya kukauka iko…

Aah, ananiita ku jikoni, na nguvu! Nilisahau, nilimwambia ajipikie bukari mbele ya train. Dada, ameingiza mukono mu kitunga ya bunga. Naenda.

Mudogo yako,
Léa