Katuni Yako Imefika Msimbu

Kaka Halidi,

Shikamoo yako leo siitoi. Muhogo umekubali, baba bado anakohoa.

Tumeiona katuni yako kwa jirani. Yule mtoto anayechekesha nchi nzima, mwenye pengo na kaptula ya kufungwa kwa kamba, ni mwanangu Kitwana. Hilo ningelimeza. Lakini umemwonyesha jandoni, amepakatwa na mjomba wake, analia akimwita mama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kitwana alitoka, na shule hataki tena.

Mambo ya jandoni hayasimuliwi, unajua. Aliyempakata ni wewe. Aliyeitwa ni mimi, na nimekuja kusikia kwenye televisheni.

Idd baki hukohuko Kibaha.

Mama Kitwana