Mto Uliojaa kwa Ajili ya Wageni

Jumatatu, 6 Februari 1995

Mlio mmoja haunitoki. Gogo la mgomba likisukumwa kuziba mlango wa mfereji wa kumwagilia. Chubwi, kisha kimya. Nimeusikia tangu utotoni. Wa wiki iliyopita ndio umekataa kuondoka.

Leo ofisini nimenakili vipimo vya mito mpaka vidole vikauma. Mto wa kwetu niliupima mwenyewe Alhamisi, bosi amesimama ukingoni. Kiangazi hiki, na ulinifika magotini. Bosi alifurahi. "Maji ya ziada haya! Mjini watu wana kiu, huku yanacheza."

Nilijua kwa nini umejaa. Nikaandika tarakimu, nikafunga daftari.

Jumanne, 7 Februari

Niandike, maana sijamwambia mtu.

Baba ni mwenyekiti wa mfereji. Aliposikia wageni wa serikali wanakuja kuutazama mto, aliamuru milango yote ifungwe siku mbili, maji yote yabaki mtoni. Mgeni hapewi kibuyu nusu, haonyeshwi mto mwembamba. Hakuna aliyemwagilia. Maharage yalilala chini. Na Baba pale, koti la kanisani, anang'aa kama siku ya kipaimara changu.

Ningesema nini mbele ya bosi? Kwamba mzee wangu anadanganya? Hakudanganya. Alikaribisha.

Mimi ndiye niliyedanganya. Nimesomea kupima maji.

Alhamisi, 9 Februari

Imeamuliwa. Bomba litatoka kwetu mpaka mjini. Hoteli zinaota kila kona, viwanda vimepata wamiliki wapya, wote wanataka maji. Ripoti itapelekwa Jumatano, na kipimo changu kimo.

Hapa mjini ninapopanga, Daraja Mbili, bomba la uani limekauka, leo siku ya nne. Mama Joyce mwenye nyumba amenikuta nafua soksi kwenye bakuli. "Ninyi Wameru mnaogesha migomba, sisi tunajipangusa kwa kitambaa!" Nilicheka. Kisha nikakasirika. Kisha nikaona ana haki. Ana watoto wanne na ndoo tupu.

Sina upande wa kukaa. Silali vizuri.

Jumamosi, 11 Februari

Nimepanda nyumbani na kamba ya kupimia. Milango imefunguliwa, kila mtu na zamu yake. Nimepima palepale, chini ya mlango wa mwisho. Maji hayafuniki kifundo cha mguu.

Hicho ndicho kinachobaki. Wakichukua kama tarakimu yangu inavyosema, mifereji itakufa yote. Migomba, kahawa, na watu wa chini wanaokunywa hapo.

Nimemweleza Baba. Akasukuma kikombe chake cha chai pembeni.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeutoa mto?"

"Hapana, Baba. Ni mimi niliyeandika."

"Ulikuwa umesimama pale na kalamu, mama. Kwa nini hukuniambia?"

Nikakunja kamba yangu. Wakati naondoka akanifuata hadi kwenye ua wa isale, mpakani mwa shamba. "Usiandike kwamba tulifunga. Watasema watu wa mlimani ni matapeli."

Jumatatu, 13 Februari

Nimefika mlangoni kwa bosi mara tatu. Mara tatu nimerudi mezani. Mwoga. Mwoga mwenye diploma.

Jumatano, 15 Februari

Mvua bado. Mlima umejifunika.

Jana jioni Baba alikuja mpaka mjini, yeye asiyependa mji. Koti lilelile. Hakukaa. "Andika tulifunga. Andika na sababu." Mama Joyce akampa kikombe cha maji; akanywa nusu, nusu akamrudishia. Wakasalimiana vizuri. Mama Joyce akaniuliza baadaye, "Huyo mzee ana shida gani?" Nikamweleza yote. Akasema: "Basi watafute kwingine. Ila watafute upesi."

Nimeandika ukurasa mmoja tu. Vipimo viwili, siku mbili, milango imefungwa, milango imefunguliwa. Kwamba ilifungwa kwa heshima ya wageni. Kwamba mpimaji alijua akanyamaza. Jina langu chini.

Bosi ameisoma nakala yake amesimama. Amesema naweza kupoteza kazi. Ameniomba niuondoe ukurasa huo, tuyamalize kimyakimya.

Nimemwambia haumo tena mikononi mwangu. Masjala wameupokea saa mbili asubuhi, wameugonga mhuri.