Bakuli la Profesa Mkorea

Mama mdogo, shikamoo.

Nipo Birmingham kwa dada, Perry Barr. Mvua haikatiki, lakini leo hasira zimenipasha joto.

Tulikwenda kwenye maonyesho ya ufinyanzi. Mwenye kazi ni mama Mkorea, profesa, kafundisha Japani, Ujerumani hadi Marekani. Ukutani wameyaandika yote hayo kwa herufi kubwa, na picha yake juu. Sasa kanyoosha mkono aliweke sawa bakuli lake, mlinzi akamkemea, "Mama, hairuhusiwi kugusa." Bakuli alilolifinyanga mwenyewe, na picha ipo nyuma ya kichwa chake. Mama wa watu akarudisha mkono, akainama kuomba radhi. Radhi ya nini?

Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mlinzi, "Huyu unayemkemea ndiye yule pale ukutani. Hebu geuka utazame." Dada ananifinya, sikujali.

Mlinzi akageuka, akawa mwekundu, akasogea pembeni. Profesa akalichukua bakuli, akanipa kwa mikono miwili. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole nisikie kama lina ufa, kama unavyotufanyisha kabla ya kupeleka vyungu sokoni. Akacheka, akauliza nani kanifundisha. Akatoa daftari, akaandika jina lako, halafu akauliza unafundisha chuo gani.

Nikamwambia uani, nyuma ya jiko. Akaandika na hilo.

Usibebe udongo peke yako, mgongo ule si wa chuma. Nakupenda.

Rehema wako