Leo nimemwita mdogo wangu afande

Shoga, usipige simu, siwezi kuongea. Soma tu.

Kitinda mimba wetu, yule wa jeshi la majini, ameletwa kambini kwetu kwa mafunzo. Nimemkuta mlangoni pa karakana nikamrukia shingoni. "We kichwa maji, hata salamu hutumi!"

Sikuangalia mkono wake. Tepe tatu. TATU. Mimi nina mbili.

Kapteni alikuwa nyuma yangu. "Koplo, ndivyo unavyoongea na sajenti?"

Nikakaza mwili. "Samahani, afande." Nimemwambia hivyo mtoto niliyembeba mgongoni. Afande!

Na hajampora mtu. Kwao ukifaulu mtihani na muda wako ukitimia, unavishwa cheo. Sisi mafundi magari wa nchi kavu, hata ukifaulu unasubiri sajenti aliyepo astaafu. Na wetu amegoma kuzeeka.

Kapteni alipoondoka, mdogo wangu akaniambia polepole, "Dada, mama alisema nisikwambie. Utaumia."

Kumbe nyumbani wote wanajua. Ile Jumapili nilipopiga simu wakanyamaza ghafla, walikuwa wanamshangilia. Wakaizima furaha yao kwa sababu yangu.

Silii. Nimelala tu chini ya lori kama gogo, spana mkononi.

Nimempigia mama. Nimemwambia, "Mpigie mwanao vigelegele, nasikiliza." Akakataa, nikamsihi, akapiga mpaka akakohoa.

Sikuhisi kitu, shoga. Ila simu sikukata.